Spea Haijafika

Baba alifunga mdomo. Mama alikishusha kijiko, akaupuliza uji ambao ulikwishapoa zamani, akakipandisha tena. Baba akageuza uso ukutani.

"Haya, leo tena," Mama alisema. "Baba Waya, mimi sina nguvu za kumbembeleza mtu mzima. Kama unanuna kwa sababu ya ile mashine yako, itakuja. Kununa hakuleti mashine. Fungua mdomo."

Hakufungua. Mama aliweka bakuli kando, akambana mashavu kwa vidole viwili kama anavyobanwa mtoto anayekataa dawa, na midomo ilipoachia kidogo akapenyeza kijiko. Baba alitoa sauti, ile sauti ya kooni ambayo ndiyo pekee aliyoachiwa na kiharusi, na jicho la upande wake mzima likajaa maji. Uji ulimtoka, ukateremka kidevuni hadi kwenye shati.

"Ona sasa! Shati nimelifua jana tu!"

Waya alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Jina hilo alipewa na watu wa mtaani tangu utotoni, kwa kuwa mifuko ya gauni lake haikukosa vipande vya waya, na hata sasa, mwanamke mzima mwenye kazi yake ya kutengeneza simu na kompyuta, hakuna aliyemwita vingine. Alifunga kamba ya kiatu kimoja, akaifungua, akaifunga upya, alimradi asiinue uso.

"Na wewe," Mama akamgeukia, "hiyo mashine inarudi lini? Mtu ananisusia chakula ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Si ulisema ni kazi ya siku mbili?"

"Kuna spea haijafika, Mama."

"Spea gani hiyo inayokuja kwa miguu?"

"Ikifika tu naileta."

"Basi mwambie mwenyewe. Mimi nikimwambia anaona namdanganya."

Waya akasogea kitandani. "Baba, spea haijafika. Vumilia kidogo."

Baba aliacha kutazama ukuta, akamtazama yeye. Aliinua mkono wa kushoto, polepole, akashika shavu, kisha akashika sikio na kulivuta. Akarudia: shavu, sikio. Waya alielewa kwamba baba yake anamwambia amechoka kusikia maneno hayohayo.

"Najua, Baba," alisema. "Najua." Akatoka.

Spea ilikuwa imefika zamani.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ya nyumbani ya zile za kale, ambazo kila kitu kimo ndani ya kibodi, nene kama tofali, ukaichomeka kwenye televisheni ikawaka. Baba aliinunua enzi zake za kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, wenzake wakamcheka kwamba amenunua tapureta isiyo na karatasi. Kiharusi kilipomlaza upande wa kulia na kumfunga ulimi, nyumba ilijaribu kila njia. Kalamu ilimponyoka. Simu ya kioo ndiyo ilikuwa mateso kabisa, kwani kidole chake kinachotetemeka kikigusa herufi moja zilitoka nne. Ndipo Waya alipoikumbuka ile mashine. Vitufe vyake vilikuwa vizito na virefu. Kidole kiliweza kukaa juu ya kitufe kikitetemeka kitakavyo, na herufi isitoke mpaka mwenyewe aamue kubonyeza.

Tena iliandika kwa herufi kubwa tu, kwa hiyo Baba akawa mtu wa kusema kwa kufoka. CHAI HAINA SUKARI. REFA KIPOFU. FUNGA MLANGO NZI WANAKUJA KUNISALIMIA. Mama, aliyeshinda na cherehani yake chumba hichohicho akishona mashuka ya hospitali, aliijibu televisheni bila kuinua kichwa: "Usinipigie kelele, nimesikia!" Wakagombana, wakataniana, wakarudi kuwa mke na mume.

Halafu adapta yake ya umeme ikaanza kunuka moto. Maandishi yakawa yanacheza, na kanda ya kaseti iliyobeba programu, ambayo kila asubuhi ilipiga mayowe kwanza ndipo mashine iwe tayari, ikawa imelegea na kukwaruza. Waya akaichukua mashine kwenda nayo kazini. Hapo hakukosea, fundi yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Aliweka umeme mpya usiochemka. Kaseti akaitoa, mahali pake akaweka kadi ndogo kama ukucha, na mashine ikawa ukiwasha tu inakusubiri. Siku hiyo ingeweza kurudi nyumbani.

Lakini kazi nzuri ina utamu wake, na utamu ukizidi hugeuka kuwa ulevi. Maadamu nimeshaifungua, Waya alijisemea, niweke na bodi mpya ya kuipa kasi. Akaweka. Maadamu nimeweka bodi, nitoboe na tundu la kuchomekea televisheni za kisasa. Akatoboa, kwa ustadi, bila kuliziba lile la zamani. Akalisugua ganda lililogeuka manjano hadi likarudi rangi yake ya maziwa. Mwenye duka, ambaye wote walimwita Miwani, alikuja akasimama nyuma yake, akaivua miwani yake na kuivaa tena.

"Waya, hii usiirudishe kwanza. Jumamosi kuna maonyesho pale chuo cha ufundi. Wapenzi wa mashine za kale watajaa. Hii itawatoa macho."

"Baba anaihitaji."

"Ameishi nayo miaka yote hiyo. Wiki moja itamuua?"

Hapo ndipo Waya alipopaswa kusema neno, na hakulisema. Miaka mingi alikuwa amekaa kwenye meza ile akibadilisha vioo vya simu, na wateja wakiingia humwambia, "Dada, fundi yuko wapi?" Wengine akishawajibu kwamba fundi ni yeye huomba kusubiri "yule kaka." Kazi zake ziliondoka mifukoni mwa watu, hakuna aliyejua mkono uliozifanya. Hii moja tu, aliwaza, hii moja waione.

"Nitawaambia spea haijafika," alisema.

Miwani alicheka. "Si unaona? Hata uongo wenyewe umeshaulehemu."

Asubuhi ya Jumamosi Mama hakumlisha Baba. Alikuwa amechoka. "Akiona njaa atafungua mwenyewe," alisema, akakaa kwenye cherehani na kukanyaga kwa hasira. Baba alikuwa amejifunika hadi kichwani. Waya alisikia pumzi zake, nzito kidogo, akajiambia amelala.

Ukumbi wa chuo ulijaa meza, na juu ya meza mashine ambazo wengi walidhani zilishakufa. Ya Waya iliwekwa karibu na mlango, ikaunganishwa na televisheni pana ya kisasa, na Miwani alikuwa amebandika kikaratasi: *Kompyuta ya mpiga chapa mmoja. Moyo mpya, mwili wa zamani. Kazi ya Waya.* Watu walijazana. Walibonyeza vile vitufe vizito, wakacheka kwa furaha kama watoto. Mhadhiri mmoja mwenye mvi alimwomba aifungue, akachungulia ndani alivyozipanga nyaya.

"Nani kakufundisha kulehemu hivi?"

"Nimejifunza mwenyewe."

"Basi mwalimu wako anajua kazi," yule mhadhiri alisema, na waliokuwa karibu wakapiga makofi. Waya alisikia joto likimpanda kutoka miguuni. Hakuna aliyemuuliza fundi yuko wapi.

Mama mmoja aliyevaa vizuri alisoma kile kikaratasi, akaligusa ganda kwa ncha za vidole. "Huyo mpiga chapa alikuwa nani yako?"

"Baba yangu."

"Ah. Mungu amrehemu. Angekuona leo angejivunia. Umemtunzia kumbukumbu nzuri."

Kusema "bado yupo" kungechukua pumzi moja tu. Lakini yule mama alikuwa anamtazama kwa macho yaliyolainika, na watu walikuwa wanasikiliza, na kusema bado yupo kungeleta swali jingine: sasa yeye anatumia nini?

"Asante," Waya alisema.

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Alikuwa ameizima mlio ili asisumbuliwe. Alipoitazama, jina la Mama lilikuwa limejipanga mstari juu ya mstari. Alipopiga, aliyepokea alikuwa jirani.

"Waya uko wapi wewe? Baba yako kavimba uso, mwili unawaka moto. Mama yako kampeleka hospitali. Ana hali mbaya, mwanangu, njoo!"

Aliichomoa mashine bila kumuaga mtu, akaitia kwenye mfuko wa kubebea, nyaya zake zikining'inia. Miwani alimwita, hakugeuka.

Aliwakuta kwenye benchi la mapokezi. Shavu la Baba la upande mzima lilikuwa limetuna hadi jicho limekuwa mstari, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Mama alikuwa amevaa kandambili zisizolingana. Nyuma ya dirisha, karani aliuliza bila kuinua uso.

"Mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

"Hatujui," Mama alisema. "Tumeona tu uso umevimba."

"Hamkumuuliza?"

"Haongei."

Karani akainuka, akainamia dirisha na kupaza sauti hadi benchi zima likageuka: "BABU! UNAUMWA WAPI, BABU?"

Baba alifumba jicho lake moja lililobaki. Alikuwa anasikia vizuri kuliko wote pale. Mtu aliyepanga herufi za magazeti nusu ya maisha yake alikaa katikati ya watu wasiomjua, mate yakimchuruzika, akifokewa kama mtoto aliyepotea sokoni. Waya aliushika mfuko kifuani. Palikuwa na televisheni ukutani, juu, ikionyesha mpira. Aliwaza kuichomeka mashine pale ili Baba aseme, akaona aibu hata kwa kuwaza.

Daktari wa meno alikuwa kijana mpole. Alimfungua Baba mdomo taratibu, akisema "pole, mzee, pole" kila alipogusa, akamulika, akavuta pumzi kwa meno.

"Ni gego la chini. Limeoza hadi mzizini, limefanya jipu. Na hili halikuanza jana wala juzi. Huyu mzee amelala na moto mdomoni siku nyingi. Hakuonyesha dalili yoyote? Kushika shavu? Sikio? Maumivu ya gego hupanda sikioni."

Shavu, sikio. Waya alisikia masikio yake mwenyewe yakivuma.

"Kula je? Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakataa," Mama alisema kwa sauti ndogo.

"Angekulaje! Sasa mlimlisha vipi?"

Mama alivitazama vidole vyake viwili, akavifunga ndani ya ngumi, akaiweka ngumi chini ya khanga.

"Mmewahi," daktari alisema. "Usaha umeanza kutafuta njia ya shingoni. Ungefika huko, nisingewaahidi kitu."

Gego liling'olewa, jipu likapasuliwa, Baba akalazwa. Mama hakutaka kuondoka pembeni mwake. Kwenye korido, kila aliyepita na kumjulia hali alimwambia maneno yaleyale, kana kwamba anatubu kwa kila mtu: "Mimi ndiye niliyemtesa. Nilidhani anasusa. Nilimbana mashavu, dada yangu, palepale penye jipu." Jirani alimfariji, muuguzi alimfariji, hata mfagiaji alimfariji. Waya alikaa benchi lilelile, mfuko mapajani, akasikia kila mara. Kila mara alifungua mdomo. Kila mara alijiambia: asubiri Baba apone kwanza. Mama alimgeukia mara moja, akamshika goti.

"Angalau wewe ulikuwa unahangaika na ile mashine yake. Mimi nilifanya nini zaidi ya kumgombeza?"

Waya alisema anakwenda kutafuta maji ya kunywa. Alisimama nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, mpaka mguu ukafa ganzi.

Baba alirudishwa nyumbani uvimbe umeshuka, amekonda, akinuka dawa. Siku hiyohiyo, mchana, Waya alisogeza meza hadi kitandani, akaichomeka mashine kwenye televisheni yao nene ya zamani, ya chogo. Hapakuwa na mayowe ya kaseti. Maandishi yalitokea mara moja, meupe, yametulia kama yamechongwa. Mama aliacha kushona.

"Kumbe imekuwa nzuri hivi," alisema. "Afadhali spea ilifika."

Mkono wa kushoto wa Baba ulitambaa juu ya shuka hadi kwenye kibodi. Kidole kilitua kwenye kitufe, kikatetemeka, kikatulia, kikabonyeza. S. Kikainuka, kikatafuta. I. Mama alisogea, akasoma herufi moja moja kwa midomo bila sauti, kama anayejifunza kusoma. Ilipokwisha, kwenye kioo kulikuwa na neno moja.

SIKUSUSA

Mama aliketi chini, pale pale sakafuni. Aliuweka uso wake kwenye ukingo wa godoro. "Najua, mume wangu," alisema. "Najua sasa. Nisamehe. Ulikuwa unaumia, mimi nikakufanya mtoto. Nisamehe mikono yangu hii." Mabega yalikuwa yanamtikisika. Mkono wa Baba uliacha vitufe, ukashuka kichwani kwake.

Waya alikuwa bado ameshika waya wa umeme. Alijaribu kujiambia kwamba si wakati wake, kwamba watu wawili wanapatana, kwamba neno lake litawaharibia. Lakini kila alipojiambia hivyo Mama aliomba radhi tena.

"Mama, acha," alisema. "Kosa si lako."

"Niache nimwombe mume wangu radhi."

"Mashine ilikuwa tayari."

Mama aliinua kichwa. "Tayari lini?"

"Zamani. Kabla hajaanza kukataa chakula. Hakukuwa na spea ya kungojwa."

"Sijaelewa. Hakukuwa na spea gani?"

"Yoyote. Nilidanganya. Kulikuwa na maonyesho chuoni, Jumamosi. Nilitaka... Nilitaka watu waione kazi yangu. Nikaiacha dukani."

Mama alisimama, taratibu, kwa kujishikilia kitanda. Waya alitamani apigwe. Mama hakumpiga. Aliviinua vile vidole viwili mbele ya uso wa binti yake.

"Kwa hivi," alisema. "Nilimfungua mdomo kwa hivi, wewe umesimama hapo mlangoni unafunga viatu. Nikalia korido nzima mbele ya watu, wewe umekaa kando yangu. Ukaniacha."

"Mama..."

"Nimekuuliza spea iko wapi, ukanitazama usoni."

"Sikukutazama, Mama," Waya alisema, na ndilo neno pekee la kujitetea alilokuwa nalo, na alipolisikia akaona lilivyo dogo.

Mama alitoka kwenda jikoni. Sufuria ziligongana huko, zaidi ya ilivyohitajika.

Waya alibaki na Baba. Hakuthubutu kukaa kitandani. Kidole kilikuwa kimerudi kwenye kibodi, na alijua kwamba safari hii maneno ni yake. Akasimama akingoja, herufi baada ya herufi, akijaribu kulikisia kila neno kabla halijaisha. W. Alidhani ni *wewe*. A. L. Alidhani ni *walimwengu*, kwamba walimwengu hawafai. I. Tena I. Kidole kilichoka, kikapumzika, kikaendelea. Jasho lilimtoka Baba kwenye paji la uso. Waya alitaka kumwambia aache, lakini alikuwa amekwishamnyamazisha vya kutosha.

WALIIPENDA?

Alisoma, akasoma tena. Alimtazama baba yake. Lile jicho zima lilikuwa limemkazia, linangoja, na ndani yake mlikuwa na udadisi wa mtu wa kazi anayemuuliza mwenzake wa kazi. Angeandika *mwanaharamu* Waya angeweza kulibeba. Hili hakuliweza.

"Waliipenda, Baba," alisema akilia. "Waliipenda sana. Mhadhiri aliniomba niifungue. Walipiga makofi."

Baba alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kama anayepokea hesabu iliyokamilika. Kona moja ya mdomo wake ikapanda. Waya alifikiri kumweleza na lile la yule mama aliyevaa vizuri, aliyesema Mungu amrehemu, naye akajibu asante. Lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza, na alijua wakati analimeza kwamba hilo atakaa nalo.

Mama alirudi na bakuli. Alisoma kilichoandikwa kwenye kioo, akasoma uso wa binti yake, akaelewa.

"Huyu amekusamehe," alisema. "Ndivyo alivyo, hata kiwandani walikuwa wanautumia upole wake hivyohivyo. Mimi bado. Usiniharakishe."

"Sawa, Mama."

"Shika."

Akampa bakuli na kijiko, akarudi kwenye cherehani yake na kuwapa mgongo. Waya alivuta kigoda. Alichota uji kidogo, ncha ya kijiko tu, akaupeleka hadi karibu na midomo ya baba yake, akausimamisha hapo.

"Baba, nikupe?"

Mkono wake ulianza kumuuma kwa kushikilia, lakini hakuushusha. Cherehani ya Mama ilikuwa imenyamaza. Wote watatu walingoja kidole kimoja kitafute njia yake, kitetemeke, kitulie, kibonyeze, mpaka maneno yakakamilika.

BADO MOTO

Waya akakirudisha kijiko bakulini, akaanza kupuliza.